Maswali ya Wasomaji: Njia za Miguu na Maeneo ya Kambi Katika Misitu ya Umma

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu misitu ya umma: njia za kutembea kwa miguu, maeneo ya kupiga kambi, ada, na masharti yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo langoni. Tumechagua chache, tumezifupisha, na tumezijibu kwa kirefu au kwa kifupi kadiri kila moja ilivyohitaji.

Swali: Ndugu mhariri, mimi na wenzangu hupenda kupanda mlima ulio ndani ya msitu wa serikali. Njia iliyochongwa inakwenda kwa kona nyingi na inatuchelewesha, ilhali mtu akikata moja kwa moja anafika upesi. Vibao vinakataza njia za mkato. Sisi ni watu wachache na hatukati hata kijiti. Tunaharibu nini?

Jibu: Ndugu msomaji, mnaharibu udongo, na anayeikamilisha kazi mliyoianza ni maji ya mvua. Mvua ikinyesha juu ya majani makavu na mboji ya msituni, maji hunywewa na ardhi taratibu. Nyayo zikishaondoa tabaka hilo na kuacha mstari wa udongo mtupu ulioelekea bondeni moja kwa moja, maji hupata mfereji. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo maji yanavyokwenda kasi, na kadiri yanavyokwenda kasi ndivyo yanavyoweza kubeba, kwanza chembe za udongo, kisha mchanga, mwisho hata kokoto. Mwanzoni mtaona kijifereji cha upana wa kiatu tu. Baada ya misimu michache mizizi inabaki wazi, watu wanapita pembeni kwa kuogopa kujikwaa, na huko pembeni mfereji wa pili unaanza.

Waliochonga njia ile ya kona walikuwa wanapambana na jambo hilo hilo. Wajenzi wa njia za milimani huzingatia kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inakopita, na kwamba kwa wastani njia isipande kwa zaidi ya asilimia 10, yaani mita 1 kwenda juu kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Sababu ya kanuni hiyo ya nusu ni kwamba njia inayoukata ubavu wa mlima kwa ulalo huvukwa na maji, nayo yakaendelea kuteremka upande wa chini, lakini njia inayoelekea kule kule yanakoelekea maji hugeuka kuwa mkondo wake. Ndiyo maana pia uso wa njia nzuri hulazwa kidogo kuelekea bondeni, yapata asilimia 5, kiasi ambacho mguu hauhisi lakini maji yanahisi. Vilevile njia inayopanda hushushwa kidogo hapa na pale kabla ya kupanda tena, ili maji yaliyokwisha kujikusanya yatokee kwenye hicho kibonde. Pale ambapo mteremko mkali haukuepukika, huwekwa makingamaji ya magogo au mawe yaliyozikwa kwa mshazari. Mkipita tena, yaangalieni: gogo lililolala mshazari katikati ya njia, ncha moja ikielekea chini zaidi ya nyingine, halikuangushwa na upepo wala si ngazi iliyojengwa vibaya. Limewekwa ili liyageuzie maji porini, na anayeling'oa ili baiskeli yake ipite vizuri anaiharibu njia yote iliyo chini ya hapo.

Kuhusu uchache wenu, tatizo ni kwamba kijia kipya huita watu. Atakayekuja baada yenu hatasoma kibao kabla ya kuziona nyayo, na akiziona ataamini kwamba njia ni hiyo. Kazi ya njia ya miguu ni kuukusanya uharibifu wote wa nyayo zetu katika ukanda mwembamba ulioandaliwa kuuvumilia, ili msitu uliobaki usiguswe. Kila njia ya mkato huuongeza upana wa ukanda huo.

Hoja hiyo hiyo inawajibu wasomaji wengine waliouliza wafanye nini wanapokuta tope njiani. Piteni katikati yake. Najua viatu vitachafuka, lakini kila anayelizunguka tope huua mimea ya ukingoni, ukingo nao unakuwa tope, na anayefuata analazimika kuzunguka mbali zaidi. Kama tope ni zito kiasi kwamba hakuna awezaye kulipita, rudini siku nyingine ardhi ikiwa imekauka, na mumwarifu afisa misitu, kwa sababu tope lisilokauka ni dalili kwamba maji yamekosa pa kutokea.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu. Tulikwenda kupiga kambi katika msitu wa umma, tukaambiwa hema likae ndani ya kiwanja chenye namba, na gari lisivuke mawe makubwa yaliyopangwa pembeni. Ardhi ya kiwanja hicho ilikuwa ngumu kama sakafu, na hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na majani laini. Msitu ni mkubwa na ni wa wote. Kwa nini watubane mahali pabaya kuliko pote?

Jibu: Mama, huo ugumu wa ardhi uliokusumbua usiku ndiyo sababu yenyewe. Mkienda tena, fanya jaribio hili pamoja na watoto. Mimina kikombe cha maji katikati ya kiwanja cha hema, kisha mimina kingine chini ya kichaka ambacho hakijakanyagwa. Pale kwenye kichaka maji yatapotea mara moja. Pale kiwanjani yatatuama, yatang'aa kwa muda, kisha yatatafuta pa kuteremkia. Udongo wa msitu una vijitundu vingi vinavyopitisha hewa na maji, na vinyweleo vya mizizi huishi humo. Miguu, hema na magurudumu ya gari huvishindilia vijitundu hivyo mpaka vikajifunga. Mti hauonyeshi chochote siku hiyo. Huanza kukauka kuanzia matawi ya juu miaka mingi baadaye, wakati waliokanyaga mizizi yake wamekwisha kuusahau.

Jambo hili lilionekana mapema nchini Marekani, pale magari ya binafsi yalipokuwa mengi katika miaka ya 1920 na familia zikawa zinayaegesha popote chini ya miti mikubwa ya California. Mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyeitwa E. P. Meinecke alichunguza miti iliyokuwa ikidhoofika na akaeleza kwamba chanzo ni udongo ulioshindiliwa. Hakupendekeza watu wafukuzwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipendekeza mpango ambao bado unaonekana katika maeneo ya kambi ya nchi nyingi: barabara ya kuzunguka ya upande mmoja, kituo kidogo cha gari kwa kila familia, meza na jiko mahali pasipohamishika, na mawe au magogo ya kulizuia gari lisiingie zaidi. Shirika la vijana la kuhifadhi mazingira lililoundwa na serikali ya Marekani mwaka 1933 lilijenga maeneo mengi ya kambi kwa mpango huo. Mawe yaliyokuzuia wewe yana asili hiyo.

Utafiti wa baadaye umeonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ni kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na idadi ya watu. Mahali pasipowahi kulaliwa hupoteza sehemu kubwa ya majani yake katika siku chache za kwanza tu, lakini mahali palipokwisha kuchakaa hakuna mengi ya kuongezeka hata wakija wageni mia. Kupona nako huchukua miaka, mara nyingine miongo. Kwa hiyo kulihamishia hema lako kwenye majani laini hakupunguzii kiwanja cha zamani chochote, bali kunazaa kiwanja kipya kibovu. Ushauri hugeuka tu katika pori la mbali ambalo halina viwanja kabisa. Huko ni bora kila kundi lilale mahali pake, juu ya mwamba, mchanga au nyasi kavu, na lihame kesho yake kabla kovu halijajichora.

Hata hivyo, sehemu moja ya malalamiko yako naiunga mkono kwa moyo wote. Wasimamizi wengi hupanga mawe na kuandika makatazo bila kueleza sababu hata kwa mstari mmoja, na mzazi anayetii bila kuelewa hana la kuwafundisha wanawe. Kibao kinachosema "usipite hapa, mizizi inapumua" kingesaidia kuliko vibao vitano vya "marufuku".

Swali: Ikiwa msitu ni mali ya umma, kwa nini nidaiwe ada ya kuingia? Je, si kulipia kitu changu mwenyewe?

Jibu: Swali lako ni la haki, na nchi mbalimbali zimelijibu kwa namna mbalimbali. Nchini Sweden haki ya kila mtu kutembea porini imetajwa katika katiba tangu mwaka 1994, na Scotland iliithibitisha haki kama hiyo kwa sheria ya mwaka 2003, kwa masharti kwamba mtu awajibike kwa mwenendo wake. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1960 iliitaja burudani ya nje kuwa miongoni mwa shughuli za misitu ya taifa, pamoja na mbao, malisho, maji, na wanyamapori na samaki. Sheria nyingine ya huko, ya mwaka 2004, inatofautisha mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yangefaa kutofautishwa kila mahali. Katika misitu ya taifa hairuhusiwi kumtoza mtu kwa sababu tu ameegesha gari, au anapita kwa miguu bila kutumia huduma yoyote. Kinachoweza kutozwa ni matumizi ya mahali penye huduma, kama vyoo, meza, maji na ulinzi. Sheria hiyo pia inataka kwa kawaida angalau asilimia 80 ya ada ibaki kutumika pale pale ilikokusanywa.

Hapo ndipo ningekushauri uelekeze swali lako. Choo cha kambini hakijisafishi, na makingamaji niliyoyaeleza hapo juu hujaa udongo na hayana budi kuzibuliwa kila mwaka. Mtu akiacha kuyazibua, njia hufa. Mlipaji ana haki ya kuuliza fedha yake imezibua nini, na msimamizi mwadilifu atakuwa na jibu.

Swali: Tukikutana na farasi au baiskeli kwenye njia nyembamba, nani ampishe mwenzake?

Jibu: Desturi inayofuatwa mahali pengi ni kwamba wote humpisha farasi, mwendesha baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na anayeshuka humpisha anayepanda. Mnapompisha farasi, simameni upande wa bondeni ikiwa pana usalama, kwa kuwa mnyama huogopa zaidi kitu kilicho juu yake, na msemesheni kwa sauti ya kawaida ili ajue kwamba ninyi ni watu. Kusimama kimya nyuma ya kichaka ndiko kunakomshtua.

Swali: Tumezoea kwenda kambini na kuni zetu kutoka nyumbani ili tusiuguse msitu. Safari iliyopita mlinzi alizizuia langoni. Tulidhani tunafanya jambo jema.

Jibu: Nia yenu ni njema, lakini gome la kuni huficha wadudu, mayai na vimelea vya magonjwa ya miti. Mwaka 2002 aligunduliwa katika jimbo la Michigan, Marekani, mdudu wa kijani kinachong'aa, mwenye asili ya Asia, ambaye viluwiluwi wake hula chini ya gome na kukata njia za chakula na maji za miti ya jamii ya Fraxinus. Akiruka mwenyewe husogea polepole, lakini ndani ya kuni zilizopakiwa kwenye gari husafiri mamia ya kilomita kwa siku moja, na kwa njia hiyo amefika katika majimbo mengi na kuua miti kwa mamilioni. Nunueni au okoteni kuni karibu na mahali mtakapoziwasha, ikiwa sheria ya hapo inaruhusu kuokota.

Mnapookota, chukueni vijiti vilivyokwisha kuanguka, visivyozidi unene wa kifundo cha mkono, ambavyo huteketea vyote na kubaki majivu. Mti mkavu uliosimama uacheni, kwa maana ndege hutaga katika mashimo yake. Washeni moto katika duara la mawe lililopo tayari, wala msijenge jipya.

Kuzima ndiko wengi wanakokosea. Kufukia makaa kwa udongo hakuuzimi moto, kunauhifadhi, na penye mboji nene au mizizi mikavu moto unaweza kutambaa chini ya ardhi ukazuka mahali pengine siku kadhaa baadaye. Mwageni maji, vurugeni majivu kwa kijiti mpaka chini, mwageni tena, kisha sogezeni mgongo wa kiganja karibu na majivu na mwisho yaguseni. Palipo na joto lolote, rudieni. Kazi hiyo hutaka maji mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo yawekeni tayari kando ya moto kabla ya kuuwasha, na mahali ambapo maji hayatoshi pikeni kwa jiko dogo la gesi.