Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Siuzi Hisa za Porsche

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Baba, Cayenne, lile gari refu la Porsche, ndiyo inayokuletea gawio, mbona kila ukiiona unanung'unika? Si uziuze tu hisa zenyewe?" Sikukujibu, maana jibu lilinikaa kooni.

Pasaka ya 1978 nilikuwa na miaka tisa. Babu yako alinishika mkono, tukasimama kando ya barabara kungoja Safari Rally. Porsche 911 ya Vic Preston Junior tuliisikia kabla ya kuiona, mngurumo mkavu unaotokea nyuma, kwani injini yake imekaa mgongoni. Ikapita, ikaturushia tope jekundu usoni. Babu hakujipangusa. Alibaki anaitazama hadi ikapotea. Mkenya mwenzetu alimaliza wa pili mwaka ule, na kwangu mimi Porsche ikawa gari lile, si jingine.

Sasa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilichungulia kaburi. Mwaka 2002 wakaleta Cayenne, gari refu la familia, na wapenzi wa 911 tukaona tumesalitiwa. Lakini mwaka 2023 waliuza magari zaidi ya 320,000, na 911 yalikuwa kama 50,000 tu. Hayo mengine ndiyo yanayolipa mishahara na kuiweka 911 barabarani. Nalikubali hilo, na linaniuma.

Septemba 2022 walipoingia soko la hisa la Frankfurt, waliigawa kampuni hisa milioni 911. Jina la gari langu limefanywa hesabu! Nami nikanunua vilevile, kwa euro 82.50 kila moja. Tena hisa tulizouziwa sisi wadogo hazina kura. Tunapokea gawio, hatuulizwi neno.

Bei imeshuka sana tangu hapo, kwa hiyo usidhani nimefungwa na faida. Mwaka 2024 mauzo ya Porsche nchini China yalianguka kwa asilimia 28, ilhali mauzo ya 911 duniani yaliongezeka kidogo. Aliyenunua kwa ajili ya fahari anahama upepo ukigeuka. Aliyepakwa lile tope hahami. Hapo ndipo ninapoweka pesa yangu.

Basi nitazishika. Siku wakitangaza kuwa wanaacha kutengeneza 911, nitakupigia simu uziuze zote asubuhi hiyohiyo. Namba ya akaunti iko kwenye bahasha ya kahawia, kabatini kwa mama yako.

Baba yako