Mama mkwe, tangawizi na vidonge vya sukari

SWALI

Jambo Mama Zawadi. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, sasa ni miaka 9. Mwaka jana shemeji alimpeleka India kutibiwa macho, na huko walikofikia kuna mama aliyemfundisha mambo ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Tangu arudi, jikoni hakuna amani. Mtoto wangu wa miaka 4 akishakula sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapewi maziwa, eti atatoka mabaka mwilini. Chakula kikubwa anakitaka saa sita mchana, na mume wangu anarudi saa moja usiku. Sasa ni wiki mbili ameacha vidonge, anakunywa unga wa kahawia aliokuja nao. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?
Mkaza mwana, Kadutu, Bukavu

JIBU

Binti yangu, nianze na vidonge, maana hapo ndipo niliposhtuka. Wiki mbili ni nyingi. Katika miaka 31 ya uuguzi nimewavua viatu wazee wengi walioacha dawa kimyakimya. Unakuta kidonda chini ya kidole gumba, kimeshaanza kunuka, na mwenyewe hakusikia maumivu yoyote. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya maneno mengine, mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu. Tazama nyayo, kausha vizuri katikati ya vidole. Mama mkwe anayeoshwa miguu haoni kwamba anakaguliwa.

Halafu usiyadharau aliyojifunza. Waganga wa kale wa India waliujua ugonjwa huu, wakauita madhumeha, yaani mkojo wa asali, na mmoja wao, Sushruta, alimtaka mgonjwa atembee sana. Hata hilo la saa sita lina sababu kwao: tumboni kuna moto, agni, na huwaka zaidi jua likiwa utosini. Chakula kijaze nusu ya tumbo, maji robo, robo ibaki wazi. Mimi kiungulia kilinitesa mpaka nilipoacha kulala na fufu, yaani ugali, ya saa tatu usiku, kwa hiyo siwezi kuwabishia.

Lakini Bukavu nyumba nyingi zinapika mara moja, jioni, baba akishaleta kitu. Usigombanie saa. Mchana mpe lenga-lenga (mchicha), maharagwe na tonge chache za fufu. Jioni akae na mwanawe ale kidogo tena. Fufu ya muhogo inapandisha sukari upesi, basi nusu ya sahani iwe mboga. Tangawizi katika maji ya moto anywe, ila bila asali. Akishikilia asali, mkumbushe kwa upole kwamba Ayurveda yenyewe inakataza kuipasha moto.

Samaki na maziwa ni sheria ya zamani sana, imo katika Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda: maziwa yanapoza, samaki anatia joto, visikutane. Sisi wa hospitali hatujaona mtoto akitoka mabaka kwa sababu hiyo. Sambaza analiwa na mifupa yake, na mifupa hiyo pamoja na maziwa ndivyo vinavyojenga mifupa ya mtoto, asinyimwe kimoja. Mpe maziwa asubuhi, sambaza jioni. Bibi atatulia na mjukuu atashiba.

Unga ndio unaoniogopesha. Tawi moja la Ayurveda, rasa shastra, hutia madini kwenye dawa kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti: karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au arseniki. Sisemi chupa ya mama ina sumu. Nasema kwa macho na ulimi huwezi kujua, na figo za mwenye sukari huenda zimeshachoka. Tena kama ndani kuna karela, lile tango chungu, lenyewe linaweza kushusha sukari. Akichanganya na vidonge anaweza kuzimia.

Kesho asubuhi, kabla hajala, mpeleke kituo cha afya apimwe. Chukua chupa, chukua na vidonge vilivyobaki, uviweke vyote mezani kwa daktari mbele yake, ili amwambie namna ya kurudia dozi. Kuhusu unga, mwache mumeo ndiye aseme na mama yake; wewe kazi yako ni ile karai ya maji ya uvuguvugu, kila jioni.