Mshubiri Unataka Subira

Juzi asubuhi mshubiri wangu, yaani aloe vera, ulichomoza jani jipya katikati, wiki sita tangu niuhamishie chungu kingine. Jioni ya siku hiyohiyo dada mmoja wa Morogoro akaniandikia kwamba wake, aliouhamisha mwezi uliopita, umelegea na kupauka ingawa anaumwagilia kila siku. Dada yangu, jibu limo ndani ya swali lako.

Mshubiri wangu wa kwanza nilipewa na mama. Aliuchimba nyuma ya nyumba yetu Tanga, akaufunga kwa gazeti, nami nikasafiri nao kwenye basi hadi Dar es Salaam nikiwa nimeupakata. Kwa mapenzi niliununulia chungu kikubwa cha kauri kisicho na tundu, nikatandika kokoto chini nikidhani zitachuja maji, nikajaza udongo mweusi wa bustani na kuumwagilia papo hapo. Kokoto hazikusaidia kitu, kwa sababu maji yalituama palepale, na udongo ule mwingi ambao mizizi michache haikuufikia ulibaki na unyevu wiki nzima. Nilipoona majani yananyong'onyea, nikaongeza maji. Siku niliyoushika kuuinua, ulitoka mkononi bila mizizi, shina jeusi likinuka uvundo. Mama alipopiga simu nilimwambia kuwa unaendelea vizuri, na uongo ule unaniuma hadi leo.

Safari hii niliacha udongo ukauke kabisa kabla ya kuutoa mmea. Nilikung'uta mizizi kwa vidole, nikaikata yote iliyokuwa myeusi na laini kwa kisu nilichokifuta kwa spiriti, kisha nikaulaza mmea kivulini siku nne mpaka majeraha yakakauka. Jirani alipita akasema nimeshauua, sikumjibu.

Chungu ni cha udongo wa kufinyanga, chenye tundu, kilichoizidi mizizi kwa upana wa vidole viwili tu. Nilichanganya udongo na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu, wala si mchanga wa ufukweni, maana ule una chumvi. Baada ya kupanda, sikuutilia maji kwa siku saba.

Ndugu zangu, tuache kuutunza mshubiri kama mchicha. Asili yake ni milima ya Rasi ya Uarabuni, na akiba yake ya maji imo ndani ya majani. Chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, weka kopo chini. Nasema tena, weka kopo chini, hata kama moyo unakusukuma. Nawe dada wa Morogoro, utoe leo, ukate hadi ufikie sehemu ngumu isiyo na weusi, uuache ukauke.

Machipukizi mawili yamejitokeza ubavuni mwa mmea wangu. Lile kubwa likishapata mizizi yake, nitalifunga kwa gazeti nilipeleke Tanga kwa mama.