Muulize muuguzi wa macho: Tone linaishia shavuni

SWALI: Mwanangu muuguzi, salamu nyingi. Barua hii ananiandikia mjukuu wangu, maana kalamu haishikiki. Nina miaka 68, naishi Pangani, na baridi yabisi imenikaa vidoleni mwaka wa tisa huu. Zamani nilikuwa nasuka ukili, sasa hata kifuniko cha chupa ya mafuta kinanishinda. Tangu mwaka jana macho yanachoma kama yametiwa mchanga. Asubuhi yanagandana, na nikitoka nje upepo wa kaskazi ukinipiga, machozi yanimwagika. Hospitali wamesema macho yangu ni makavu, wakanipa matone nitie mara nne kwa siku. Jicho kavu gani hilo linalotoa machozi? Na kichupa chenyewe kigumu. Nikikiminya, tone laenda shavuni, jingine laingia sikioni. Dawa ya mwezi mzima imekwisha kwa siku kumi. Jirani ananiambia nitie asali. Nifanyeje?
Bibi wa Pangani

JIBU: Shikamoo bibi. Na mjukuu, ahsante kwa mwandiko mzuri.

Nianze na machozi, kwa sababu swali hilo naulizwa kila wiki na wengi huacha dawa kwa ajili yake. Machozi yanayolinda jicho ni utando mwembamba sana: chini ute unaoshika, katikati maji, juu mafuta yanayozuia maji yasikauke. Utando huo ukiharibika jicho linachomeka, nalo likichomeka linalia. Yanayokuja hapo ni maji mengi kwa mkupuo, hayakai, yanateremka mashavuni kama mvua kubwa juu ya udongo mgumu. Kwa hiyo hospitali hawakukosea, bibi. Jicho lako linamwaga machozi na bado ni kavu.

Sasa kichupa. Mama yangu mzazi alikuwa na baridi yabisi kama wewe, na mimi, muuguzi wa macho, nilimgombeza miezi mitatu kwamba hatii dawa. Siku moja nikaketi nikamtazama. Kidole gumba hakikukunja. Alikibana kichupa kwa ubavu wa kidole cha shahada, mkono ukatetemeka, matone matatu yakatua kwenye kanga yake na hakuna hata moja lililofika jichoni. Nililia siku ile. Dawa alikuwa anaitia, ila haikuwa inafika. Tangu hapo kila mgonjwa mwenye vidole vibovu namwambia anionyeshe kwanza anavyotia.

Tulichokuja kukipata na mama ni hiki. Lala chali kitandani, mto chini ya kichwa, na mito mingine miwili ubavuni ya kuegemeza viwiko. Fumba macho. Kichupa usikishike kwa vidole kabisa. Kiweke katikati ya viganja viwili, mdomo wake ukiangalia chini, na vifundo vya mikono uviegemeze kwenye paji la uso ili mikono isicheze. Kisha bana viganja pamoja, nguvu itoke mabegani. Lenga pembe ya jicho iliyo karibu na pua, pale penye kishimo. Jicho likiwa limefumbwa hutashtuka, na tone litatulia kwenye kishimo kama kwenye kijiko. Hapo fumbua jicho taratibu, litajimimina lenyewe ndani. Lifumbe tena dakika moja au mbili. Tone moja tu latosha, kwani lina maji mengi kuliko jicho linavyoweza kubeba, la pili lote ni la shavu.

Kichupa kikiwa chembamba mno kwa viganja, kizungushie kitambaa cha kanga mpaka kinenepe, ukifunge kwa mpira. Ukitaka kujizoeza usipoteze dawa, chukua kile kilichokwisha, kitie maji, ujidondoshee shavuni mpaka mikono izoee. Kisha kitupe, maji yale yasiingie jichoni. Lile lakiri la kifuniko kipya mwombe muuza dawa alikate pale pale dukani. Na mjukuu kabla ya kwenda shule alegeze kifuniko, akiache kimefunika ila hakikukazwa. Vipo pia vishikio vya plastiki vyenye mikono mirefu vinavyovishwa kichupa. Madukani kwetu ni adimu, lakini ukiwa na jamaa anayetoka ng'ambo mwagize.

Asubuhi ndiyo saa mbaya ya vidole vyako, najua. Usitie dawa vidole vikiwa bado vimekaza. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka ukiyagusa kwa kifundo yawe ya moto yasiyounguza. Kwanza chovya kitambaa safi, mjukuu akukamulie, kilaze juu ya macho uliyofumba dakika tano hadi kumi. Joto linayeyusha yale mafuta yaliyoganda kwenye kingo za kope, na tongotongo zinalainika zitoke bila kuvutwa. Kisha maji hayo hayo uloweke mikono. Vidole vikilegea ndipo ulale utie tone.

Muulize daktari pia kuhusu dawa nzito ya tyubu ya kupaka usiku. Kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope ya chini kinakaa mpaka alfajiri, na mjukuu anaweza kukupaka. Utaona ukungu kwa muda, kwa hiyo ipake ukiwa umeshakwenda msalani na huamki tena. Na kama matone yenyewe utahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, mwambie akuandikie yasiyo na dawa ya kuyahifadhi yasioze, kwani hiyo ikizidi nayo inachubua jicho.

Asali usitie. Wala chai ya rangi, wala maziwa ya mama, wala maji ya sukari. Nimeona kioo cha jicho kilichopata kidonda kwa vitu hivi, na kovu lake linabaki. Na matone ya jirani usiyaguse hata kama yalimponya. Baadhi ya yale yanayoondoa wekundu haraka yana steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na hizo zikitumiwa ovyo hupandisha presha ya macho kimya kimya mpaka mtu anapofuka.

Lipo jambo moja ambalo hukuliandika nami nataka kukuuliza. Mdomo wako je? Unashindwa kumeza andazi bila kushushia na maji? Meno yameanza kuoza kwa kasi? Unaamka usiku ulimi umeshikana na kaakaa? Nauliza kwa sababu macho makavu, mdomo mkavu na viungo vinavyouma mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Daktari mmoja wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliandika habari za wanawake wa namna hiyo mwaka 1933, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Ni kinga ya mwili inayoshambulia tezi za machozi na mate, na wenye baridi yabisi hupatwa nao mara nyingi. Kama majibu yako ni ndiyo, mwambie yule anayekutibu viungo, maana vipo vipimo vya damu na matibabu yake si matone peke yake. Mchukulie na vidonge vyote unavyomeza. Vile vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, na amitriptilini wanayopewa wengi kwa maumivu, vinakausha macho.

Kaskazi ikivuma vaa miwani mipana. Feni isielekee usoni. Kuni ukiweza muachie mwingine achochee.

Jicho likiwa jekundu na kuuma kwa ndani, maumivu ya kukuamsha usiku, au mwanga ukikuumiza, au uoni ukipungua, usingoje kliniki yako ya viungo. Baridi yabisi inaweza kuliingia jicho lenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mjukuu wangu, haya ni yako. Siku bibi mikono imekataa kabisa, wewe ndiye utakayetia. Nawa kwa sabuni. Vuta kope ya chini taratibu, mwambie bibi aangalie juu, dondosha tone moja kwenye kile kifuko, na mdomo wa kichupa usiguse jicho wala kope. Siku mnayokifungua kichupa andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. Zikitimia siku 28 kitupeni hata kama dawa imebaki, isipokuwa karatasi yake iseme vingine. Kisha niandikie tena, unieleze bibi tone la kwanza lilimwingia jicho gani.