Laptopu ya zamani: Windows au Linux?

Dada, umesema laptopu yako ya RAM GB 4 inajikokota na Windows 10, kazi zako ni barua na hesabu za duka, na unaiogopa Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kama Windows) ukidhani ni ya mafundi. Mimi nakushauri Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Menyu iko chini kushoto, madirisha unayafunga kwa alama ya X kama ulivyozoea, na LibreOffice, programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, imo tayari. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo mashine nyingi za zamani hazina, na huduma ya kawaida ya Windows 10, yaani masasisho ya usalama, ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ni rahisi kweli, ila lazima ununue Mac.

Usifute kitu kwanza! Weka Mint kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uitumie siku mbili tatu. Jaribu hasa Wi-Fi na printa. Halafu fungua faili lako la hesabu kwa LibreOffice: majedwali ya kawaida ya Excel hufunguka vizuri, lakini yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) hugoma mara nyingi. Likigoma, baki Windows kwanza, utuambie limegomea wapi.