Flashi ya zamani: ipime kabla hujaichomeka kwenye kamera

Msimu wa kipaimara ukikaribia hapa Moshi, vijana wanaoanza kazi ya picha huniletea flashi walizopata kwa bei chee soko la mitumba la Memorial au zilizokaa kabatini tangu enzi za baba. "Kaka, hii bado nzima?" Jibu langu: usiichomeke kwenye kamera kwanza. Flashi inaweza kupiga vizuri kabisa na bado ikakuulia kamera.

Anzia kwenye nyumba ya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye springi, kuna betri ilivujia humo. Sugua kwa pamba yenye siki au ndimu, futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Weka betri mpya za alkalaini, zote aina moja. Zile za bei ya chini kabisa za redio hazina nguvu ya kujaza flashi. Utakuja kuitupa iliyo nzima.

Washa, usogeze sikio. Flashi nzima hutoa mluzi mwembamba unaopanda, unapanda, mpaka sikio halikamati tena, kisha kitaa cha nyuma kinawaka. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Ndani kuna kapasita, kifaa cha kutunza umeme wa kupigia, inayobeba volti 300 hivi, na ikikaa miaka bila umeme hudhoofika. Kitaa kikiwaka, iache hivyo dakika kadhaa ndipo ubonyeze kitufe cha kujaribia. Mara ya kwanza inaweza kuchelewa sana kujaa. Rudia kwa kupumzisha. Muda ukizidi kupungua, kapasita inarudi. Mluzi usipokoma na kitaa kikagoma, au ukinusa harufu ya kuungua, toa betri. Na tafadhali usiifungue mwenyewe: ule umeme hubaki ndani hata betri zikiwa mezani, na unaweza kuua.

Ikishapiga, chukua mita ya kupimia umeme, au nenda kwa fundi redio akusaidie. Mita iwe kwenye volti za DC, flashi iwe imejaa. Waya mwekundu gusa pini ya katikati chini ya mguu wa flashi, mweusi gusa chuma cha pembeni. Namba utakayosoma ndiyo volti zitakazoikuta kamera yako ukiichomeka. Vivitar 283 za mwanzo, zilizotengenezwa Japani, husoma zaidi ya volti 200. Kamera nyingi za Nikon za dijitali hustahimili hadi 250, lakini Canon kadhaa za dijitali za mwanzo kikomo chake ni 6 tu. Soma kitabu cha kamera yako.

Namba ikiwa kubwa, flashi bado ina kazi. Ifunge kidude cha kuhisi mwanga, isimamishe pembeni mwa ukumbi, itapiga kila flashi ya kwenye kamera inapopiga. Ila hiyo ya kwenye kamera iweke manyuo (manual), yaani nguvu uipange mwenyewe. Ukiiacha kwenye TTL, ambapo kamera ndiyo inayopanga nguvu ya flashi, itatoa mmweko mdogo wa kupimia kwanza, ya pembeni itapiga kabla ya wakati, na bibi harusi atatoka na upande mmoja giza.