Tuliacha vidonge Ijumaa, Jumapili mama akakakamaa

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 47, tupo Tanga, ana MS, yaani maltipo sklerosisi, ule ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo, huu mwaka wa sita. Miguu inakakamaa hasa usiku, magoti yanabanana mpaka kumvalisha nguo ni kazi. Alianzishiwa baklofeni, wakawa wanapandisha hadi 20 mg mara tatu kwa siku, hapo ndo akawa analala mchana kutwa na akisimama miguu kama mlenda, akaanguka bafuni. Tukasema hizi dawa zitatuulia mama, tukaziacha zote Ijumaa. Jumapili miguu ikakaza kuliko mwanzo, homa juu, anaongea na watu hawapo, tukamkimbiza hospitali wakamrudishia zilezile. Hakuna dawa nyingine? Binamu yetu yuko London anasema huko wanapewa ya bangi. Halafu Ramadhani hiyo inakuja na mama hataki kusikia habari ya kula mchana.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kwanza, ya Jumapili siyo MS kupanda wala siyo mashetani (najua hapo nyumbani kuna aliyesema), ni baklofeni kukatwa ghafla. Dawa hii inatuliza neva kwenye uti wa mgongo, mwili ukishaizoea halafu ukaitoa kwa mkupuo mambo yanarudi kwa fujo, maruweruwe, homa, hata degedege. Inashushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na daktari awe anajua.

Ila kuhusu kulegea, malalamiko yenu ni ya kweli. Mgonjwa wa MS miguu yake imekakamaa na hapohapo imedhoofu, sasa wengi wanasimama kwa sababu ya huo huo ukakamavu, ukiuondoa wote hana cha kusimamia. Kwa hiyo kabla ya kudai dawa nyingine muulizeni daktari kama dozi ya mchana inaweza kupungua, kubwa ibaki ya usiku anapobanwa. Watu huanza na 5 mg mara tatu, wanaongeza kila baada ya siku tatu hivi, na kikomo cha kawaida ni 80 kwa siku lakini jamani 80 siyo lengo, kuna wanaotulia kwenye 30.

Na mlipima mkojo? Hili huwa nalirudia mpaka nachosha watu. MS inaweza kumfanya asisikie maumivu ya UTI, dalili pekee ikawa ni miguu kukaza ghafla, na choo kigumu au kidonda cha kulalia vinafanya hivyohivyo, halafu familia inapandisha dozi wakati tatizo liko kwenye kibofu.

Dawa nyingine zipo. Gabapentini inafaa hasa kama na maumivu yapo. Tizanidini nayo ni nzuri ila inashusha presha, inakausha mdomo, inataka vipimo vya ini, na HAICHANGANYWI na sipro (siprofloksasini, ile antibayotiki), maana sipro inaipandisha kwenye damu mara nyingi zaidi, mgonjwa anaweza kuzimia. Ona sasa mtego ulipo, UTI ikija duka la dawa la mtaani wanampa nini? Sipro. Akianzishiwa tizanidini andikeni hilo kwenye cheti chake kwa kalamu nyekundu. Diazepamu labda usiku tu, inalevya na inazoeleka. Kwa hayo magoti yanayobanana, sindano ya Botox kwenye misuli ya ndani ya mapaja inasaidia kama miezi mitatu bila kumlegeza mwili mzima, shida ni bei.

Ya binamu ni kweli, inaitwa Sativex, ya kupuliza mdomoni, Uingereza iliidhinishwa 2010. Hata huko wanapewa ambao vidonge vimeshindwa, wanajaribiwa wiki nne, isipowapunguzia angalau asilimia 20 inasitishwa. Ya kijiweni hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani, na kwa mtu ambaye tayari anaanguka bafuni mimi siishauri, achilia mbali polisi.

Ramadhani sasa. Baklofeni haikai sana mwilini, ndo maana inanywewa mara tatu, na toka alfajiri hadi magharibi ni kama saa kumi na tatu. Mgonjwa ana ruhusa, shehe wenu atamwambia vizuri kuliko mimi. Kama atashikilia kufunga, muende kwa daktari wiki kadhaa kabla dozi zipangwe upya, asije akaruka ya mchana kimyakimya siku ya kwanza, itakuwa Jumapili ile ile.